Pikipiki ya zamani inagonga asubuhi tu, ikipata moto kimya. Nifungue injini?

KikiYaTatu:
Habari za humu wakuu. Naomba mnisaidie kichwa kabla sijafanya ujinga.

Nina Honda CG125 ya zamani, ile ya kiki tupu, haina selfu. Nimeipata mkononi mwa mtu, na yeye aliipata mkononi mwa mtu, mita ya kilometa ilishakufa kabla yangu kwa hiyo msiniulize imetembea ngapi. Sasa tatizo ni hivi, asubuhi ikiwa imelala usiku kucha nikiipiga kiki inawaka vizuri tu, kiki ya pili au ya tatu na choki, ila ikishawaka inaanza tki tki tki tki, sauti kavu kama mtu anagonga kijiko kwenye kikombe cha bati, na inaendana na injini, nikivuta eksileta kidogo nayo inaongeza mwendo. Inaenda hivyo dakika tatu, nne hivi, halafu inafifia yenyewe, nikishatembea kidogo nikasimama ndo haipo kabisa. Mchana kutwa niwashe nizime iko kimya, mpaka kesho yake asubuhi tena.

Na shida ndo inapoanzia hapo, maana nikiipeleka kwa fundi inafika imeshapata moto, haisemi kitu, kama mtoto aliyekesha analia halafu mkifika kwa daktari anacheka. Fundi wa kwanza akaniambia wewe ndo una wasiwasi. Wa pili naye hakuisikia ila nilipomuigizia kwa mdomo akasema hiyo ni konrodi, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), tufungue injini yote. Nikamuuliza umejuaje na hujaisikia, akasema ameshaziona nyingi.

Nguvu haijapungua, moshi wa bluu hakuna, oili haipungui ya kunitisha, nimemwaga wiki mbili zilizopita nikaweka 20W-50 mpya na kiwango kiko sawa kwenye kijiti. Kingine ambacho sijui kama kinahusika, nikishuka mteremko nimeachia eksileta inapiga vimlipuko vidogo vidogo nyuma, pa, papa, ila hiyo naona pikipiki nyingi za zamani ndo zilivyo.

Nifungue au niendelee nayo?

ResiTupu:
Hiyo ni cheni ya taiming mkuu, ile ya ndani ya injini inayofanya valvu zifunguke kwa wakati, wala usisumbuke. Tenshena, kile cha kuikaza hiyo cheni, imechoka, asubuhi oili haijapanda cheni inachezacheza inapiga ukuta wa ndani, ikipata moto inatulia. Yangu ilikuwa ivyo ivyo nikabadilisha cheni na tenshena ikaisha siku iyo iyo. Usifungue injini yote, upande wa cheni tu.

MzeeWaSpana:
ResiTupu punguza resi kwanza. CG125 ya zamani ya Honda haina cheni ya taiming. Tangu zilipotoka 1976 zile injini ni za pushirodi, kemshafti (shafti inayofungua valvu) iko chini inazungushwa na gia kutoka kwenye krenki, halafu kuna vijiti viwili vinapanda juu kusukuma roka, vile vyuma vinavyokandamiza valvu. Tena ile kemu ina nundu moja tu inayofanyia kazi valvu zote mbili, ukiiona mara ya kwanza unadhani kuna kipande kimekatika. Sasa ukimpeleka mtu akatafute tenshena kwenye injini hiyo atafungua kifuniko kimoja baada ya kingine mpaka jioni na wa kwanza kumtukana ni wewe.

Lakini na wewe KikiYaTatu hakikisha, usiamini maandishi ya kwenye tangi. Pikipiki iliyopita mikono mingi inaweza kuwa ilishabadilishwa injini, na ziko nyingi zinazofanana na CG kwa nje ila ndani zina cheni. Fungua kile kifuniko cha juu ya hedi (kichwa cha injini). Ukiona vijiti viwili vimechomoza kutoka chini vinagusa roka, ni pushirodi, sahau habari ya cheni. Ukiona kemu na sproketi hapo juu, basi mwombe radhi ResiTupu kwa niaba yangu.

Sasa kuhusu sauti yenyewe. Mimi sauti siulizi inaliaje, kwa sababu kwa mdomo kila sauti ni tki tki, nauliza inabadilishwa na nini. Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hujapanda kaa nayo dakika hizo nne ufanye haya. Ikiwa nyutro na inalia, kamata klachi uivute mpaka mwisho. Sauti ikibadilika au ikipotea, shughuli iko kwenye kikapu cha klachi, zile springi zake zikilegea kinacheza na kelele yake inadanganya watu wengi. Isipobadilika, klachi hatunayo tena. Halafu chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye chuma cha injini na mpini uubane kwenye mfupa wa mbele ya sikio, pita nayo kwenye hedi, kwenye silinda, halafu chini kwenye krenkesi (kasha la chini la injini) upande huu na upande ule. Kaa mbali na cheni ya nyuma na usivae kitu kinachoning'inia. Panapolia zaidi utapajua, hamna haja ya usomi.

Konrodi ngoja nikuondolee hofu kidogo. Konrodi ikifa haigongi kwa ukavu wa kijiko na kikombe, inagonga kwa uzito, ngu ngu ngu, unaisikia hadi kwenye vikanyagio, na tabia yake ni kinyume cha unachosema: injini ikipata moto oili inakuwa nyepesi, nafasi kwenye beringi inasikika zaidi, ukipanda mlima inazidi. Sijawahi kuona konrodi inayoamka mbovu ikapona saa nne asubuhi.

Mimi ningeanza na tapeti, ule mwanya kati ya roka na valvu, kwa sababu ni kazi ya nusu saa na haina gharama zaidi ya jasho. Injini iwe ya baridi kabisa, imelala usiku. Toa plagi ili isikuzuie kuzungusha, fungua kifuniko cha hedi, halafu upande wa kushoto zungusha magneti kwa spana polepole kinyume na saa mpaka herufi T ikae sawa na alama ya kwenye kesi. Hapo shika roka zote mbili uzitingishe. Zote zikiwa na mchezo mdogo uko sehemu sahihi. Moja ikiwa imekaza, zungusha raundi nzima moja tena, maana T inapita mara mbili na moja tu kati ya hizo ndo valvu zote zimefunga. Kipimo ni 0.08 mm, ya kuingiza na ya kutoa moshi zote sawa. Filageji (kibamba chembamba cha kupimia mwanya) ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi moja iliyobanwa katikati ya kitabu. Ukikaza nati ya kufungia pima tena, kwa sababu skrubu inapenda kuzunguka pamoja na nati, hapo ndo wengi wanaharibu wakidhani wamemaliza.

Na usishawishike kuzikaza zaidi ili ziwe kimya. Valvu inayolia kidogo inafunga. Iliyobanwa sana haikai vizuri kwenye kiti chake, moto unapita hapo na inaungua, na kuungua kwake hakupigi kelele.

ResiTupu:
Sawa mzee nimepokea 😂 ila yangu ilikuwa CG kabisa imeandikwa kwenye saiti kava

MzeeWaSpana:
Saiti kava inatoka na kuwekwa kwenye pikipiki nyingine kijana wangu.

NyundoNdogo:
Mimi nataka nimwongezee kitu KikiYaTatu kwa sababu niliwahi kulipa kwa uchungu. Yangu haikuwa CG ila tabia ni hiyo hiyo, asubuhi inagonga, ikipata moto kimya. Nikapata fundi mmoja jasiri, sitamtaja, akafungua kila kitu, akabadilisha beringi za krenki ambazo hazikuwa na kosa, akafunga. Asubuhi yake nikawasha, tki tki tki. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi nikaiangalia tu.

Ilikuwa ni pistoni. Pistoni ni ya aluminiamu na silivu ya silinda ni chuma, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Sasa silinda ikishalika, asubuhi pistoni inakuwa imevaa shati la kaka yake, moto ukipiga juu inasukumwa ukutani inagonga kwa ubavu. Ikipata joto inavimba inalijaza shati, kelele inaisha. Watu wanatembea na pistoni ya hivyo miaka, siyo ugonjwa wa kuua leo, ila ukiona imeanza kula oili na kutoa moshi hapo ndo ujue ringi nazo zinaaga.

Jinsi ya kuijua bila kufungua: injini ikiwa ya baridi toa plagi, weka oili ya injini kijiko kimoja cha chai kwenye tundu, KIMOJA, usimwage kama unakaanga maandazi, piga kiki mara kadhaa plagi ikiwa nje ili isambae, rudisha plagi uwashe. Itatoa moshi kidogo usiogope. Sauti ikiwa imepungua sana kwa muda mfupi halafu ikarudi oili ikishaungua, ni pistoni, kwa sababu ile oili ndo ilikuwa imejaza nafasi. Isipobadilika chochote tafuta kwingine.

KikiYaTatu:
Asanteni sana wakuu, Mzee shkamoo. Nipeni siku mbili tatu nifanye kimoja kimoja, maana asubuhi moja inanipa nafasi moja tu, ikishapata moto mpaka kesho.

KikiYaTatu:
Nimerudi. Mrejesho wa siku tatu.

Klachi nimevuta, hamna mabadiliko kabisa. Nimefungua kifuniko cha hedi, vijiti viwili hivi hapa, pushirodi, kwa hiyo ResiTupu pole. Tapeti ya kuingiza nimeikuta kwenye 0.10, ya kutoa moshi nilipitisha 0.20 ikapita bila hata kugusa, yaani ilikuwa wazi kama mlango. Nimeziweka zote 0.08, na kweli ile nati ilinigeuzia skrubu mara mbili, mara ya tatu ndo nikaishika skrubu kwa bisibisi huku nakaza.

Asubuhi nikawasha kwa mbwembwe zote. Imepungua! Lakini haijaisha. Ni kama zilikuwa sauti mbili zimelala kitanda kimoja, moja imeondoka, moja imebaki, na iliyobaki ndo ile yenye tabia ya kupotea baada ya dakika tatu nne. Bisibisi nimepita nayo kila mahali, chini kwenye krenkesi kimya, kwenye silinda naisikia kwa mbali, kwenye hedi naisikia lakini siyo kali kama ninavyoisikia bila bisibisi. Hiyo ndo imenichanganya, yaani nikiondoa bisibisi nikiinama tu kwa mbele naisikia vizuri kuliko na bisibisi.

Leo asubuhi nikafanya ya kijiko cha oili. Moshi ulitoka wa kutosha, sauti iko pale pale wala haikutetereka.

ResiTupu:
Basi hapo ni konrodi tu bana hamna namna, fundi wako alisema

NyundoNdogo:
Konrodi haipotei na moto ResiTupu, mzee ameshasema. Ila mimi pia sasa nimekwama. Ingekuwa silinda mbili tungechomoa waya wa plagi moja tuone sauti inahamia wapi, hii ya moja ukichomoa imezimika yote.

dada_fila:
Samahani nimechelewa kuuona huu uzi. KikiYaTatu kabla ya yote, hiyo ekzosi imewahi kutolewa karibuni? Kwa sababu yoyote ile.

Nauliza kwa vitu viwili ulivyosema mwenyewe. Cha kwanza ni vile vimlipuko ukiachia eksileta kwenye mteremko, uliviandika mwishoni kabisa kama vile unaomba radhi kuvitaja, na wote tumevipita. Cha pili ni hicho cha leo, kwamba unaisikia vizuri zaidi bila bisibisi. Bisibisi inabeba sauti ya chuma kinachogonga chuma. Sauti ikiwa kali hewani kuliko kwenye chuma, basi huenda hakuna chuma kinachogonga. Ni hewa.

Mahali bomba la ekzosi linapoingia kwenye hedi pana gasketi ya duara. Ikichoka au nati zikilegea, kila moshi unapotoka kwa presha kipande kidogo kinachungulia pembeni, na masikio yetu yanausikia kama tik, siyo kama pff, kwa sababu ni mfupi na mkali mno. Na kinachofanya idanganye mafundi wakubwa ni mdundo wake. Valvu ya kutoa moshi inafunguka mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili. Moshi nao unatoka mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili. Injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko 1400 kwa dakika, tapeti ya ekzosi ikilegea inagonga mara 700 na ekzosi ikivuja inatema mara 700. Ni ngoma moja inapigwa na watu wawili, kwa kuhesabu huwezi kuwatenganisha. Ndo maana ulipoweka tapeti sawa ukasikia moja imeondoka na nyingine imebaki kwa mdundo ule ule.

Kupotea kwake ni hivi, bomba na hedi vikipata moto vinatanuka, ule mwanya unabanwa, na masizi nayo yanasaidia kuziba. Asubuhi vikiwa vimepoa vimesinyaa mwanya uko wazi tena.

Na vile vimlipuko: ukiachia eksileta kwenye mteremko kwenye bomba kunakuwa na mafuta ambayo hayajaungua vizuri, na katikati ya mapigo bomba linavuta hewa ya nje kupitia huo mwanya. Mafuta mabichi, hewa mpya, joto lipo, inapiga pa pa. Kabureta ikiwa na mafuta machache pia inafanya hivyo, kwa hiyo kivyake siyo ushahidi, ila vikikaa pamoja na hiyo sauti ya asubuhi mimi naanzia mbele ya hedi.

Kesho fanya hivi, na ufanyie nje, siyo ndani ya chumba, huo moshi unaua kimya kimya. Tafuta kipande cha mpira wa maji urefu wa mkono, upande mmoja sikioni, upande mwingine usogeze karibu na kiungo cha bomba bila kukigusa. Bisibisi ni ya chuma, mpira ni wa hewa. Ukifika penye mwanya utashtuka. Kingine, chukua tambara nene ulilokunja, mtu akusaidie kuziba kule nyuma moshi unakotokea kwa sekunde moja au mbili tu wakati bado iko baridi. Moshi ukikosa pa kutokea nyuma utatafuta njia ya mbele, ile tki itapanda ghafla au itageuka kuwa mluzi. Na kabla hata ya kuwasha chukua tochi uangalie pale kwenye kiungo, kama kuna weusi mkavu umechorwa kama moshi wa kibatari ukutani, umepata jibu.

KikiYaTatu:
Dada fila... 🙆‍♂️

Ndiyo imetolewa. Kama miezi miwili hivi nyuma ekzosi ilitoboka kwa chini kwa kutu nikaipeleka kuchomelewa. Wakaitoa, wakachoma, wakaifunga. Wala sikufikiria kuitaja kwa sababu kwangu mimi hiyo ni habari ya bomba siyo habari ya injini. Na nikifikiria vizuri sauti nimeanza kuisikia baada ya hapo, siwezi kuapa ila naona kama ni baada ya hapo.

Ngoja kupambazuke.

MzeeWaSpana:
Hapo binti kanishinda na nakubali. Nilisoma vile vimlipuko nikasema moyoni kabureta chafu, nikapita.

KikiYaTatu:
Asubuhi hii, saa kumi na mbili, baridi.

Tochi kwanza. Upande wa chini wa kiungo, ambao ukisimama huuoni mpaka upige magoti, kuna weusi umepanda kwenye mapezi ya hedi kama vidole vitatu. Nikagusa nati ya kulia imekaza, ya kushoto nikaizungusha kwa vidole. KWA VIDOLE wakuu, spana nilikuwa nimeiweka chini bado.

Nikasema hapana, nisikaze kwanza, nifanye majaribio yote maana nishaamka. Nikawasha, tki tki kama kawaida yake. Mpira niliutoa kwenye bomba la kumwagilia, nikaupeleka kwenye silinda, kawaida, kwenye kabureta, fyuu ya kawaida ya kuvuta hewa, nikausogeza kwenye kiungo upande wa kushoto, nikauondoa sikioni mwenyewe kwa haraka, ilikuwa kama mtu ananipiga makofi ndani ya kichwa. Mdogo wangu akaziba nyuma na tambara, ikapiga mluzi na injini ikataka kuzimika, akaachia, tki tki ikarudi.

Nikazima, nikasubiri ipoe, nikalishusha bomba. Gasketi iliyokuwa mule siwezi kuiita gasketi. Walirudisha ile ile ya zamani, imepondeka bapa kama sarafu na upande mmoja imekatika, kipande kama robo hakipo, na pale pasipokuwepo ndo panatazamana na ule weusi.

NyundoNdogo:
Miezi miwili tungeshamuuzia kijana konrodi mpya, pistoni mpya, na cheni ya taiming ya injini isiyo na cheni 😂😂

ResiTupu:
Mnanionea sasa

dada_fila:
Usirudishe hiyo, na usiweke mbili za zamani juu ya nyingine kama wengine wanavyofanya, hazikai sawa. Weka mpya. Kabla ya kuweka kwangua masizi na vipande vya gasketi iliyozeeka ndani ya lile tundu kwa kitu laini, usichimbe aluminiamu kwa bisibisi, ukiikwangua vibaya unatengeneza mwanya mwingine. Ile mpya ipake grisi kidogo tu ishike pale wakati unapandisha bomba, vinginevyo itakudondokea mara kumi.

Kwenye kukaza anza kwa kushikiza tu, nati zote mbili kwa vidole, halafu bolti ya ekzosi ya nyuma kwenye fremu nayo iwe imelegea. Kaza za mbele kidogo kidogo, kulia nusu raundi, kushoto nusu raundi, mpaka zishike, ndo umalizie ya nyuma. Ukianza kukaza nyuma bomba linakaa pembe, mbele unalazimisha, na baada ya mwezi nati zinalegea tena. Nadhani ndo walichofanya hao waliochomelea. Endesha siku moja, ikipoa kabisa zikague tena, gasketi mpya inakaa chini kidogo baada ya moto wa kwanza.

MzeeWaSpana:
Naongezea. Stadi za pale, zile bolti zilizochomoza kushika nati za ekzosi, zimekaa kwenye aluminiamu na zimekula moto miaka yote hiyo. Usivute spana ndefu ukajisikia mwanaume. Stadi ikikatikia ndani ya hedi ndo utaijua habari yenyewe.

Na oili, kwa kuwa umeitaja mwanzoni na hakuna aliyeijibu. 20W-50 siyo kosa, ila ile namba ya kwanza yenye W ndo tabia yake ikiwa ya baridi, na 20 ni nzito, inachelewa kufika juu kwenye roka. Kama mnakaa sehemu ya baridi 10W-40 itapanda upesi zaidi. Ila angalia kwenye kopo kuna maandishi JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, ukiweka oili ya gari yenye dawa za kulainisha zaidi klachi inaanza kuteleza.

MteremkoMkali:
Wakuu samahani kuingilia, yangu mimi inalia asubuhi lakini nikishika klachi inanyamaza, nikiachia inarudi, na hata ikipata moto ipo kwa mbali. Nayo ni ekzosi?

MzeeWaSpana:
Hapana, yako umejijibu mwenyewe. Ikinyamaza kwa klachi tafuta kwenye klachi. Fungua uzi wako uandike ni pikipiki gani, tusimchanganye huyu.

KikiYaTatu:
Mrejesho wa mwisho wakuu, nimeweka gasketi mpya juzi, nimekaza kama dada fila alivyoelekeza, kulia nusu kushoto nusu, ya nyuma mwisho. Jana asubuhi na leo asubuhi nimewasha, imelala usiku mzima, choki, kiki ya pili. Hakuna tki. Kuna kasauti kembamba sana ka tapeti ukiinama, kako sawa baridi na moto, hako nimekaacha kama mzee alivyosema. Mteremkoni bado inapiga pa moja moja ila siyo ule mfululizo wa mwanzo, nadhani hiyo iliyobaki ndo kabureta, nitaisafisha jumapili.

Leo jioni nimekagua nati ikiwa imepoa, ya kulia haijasogea, ya kushoto imekubali kama robo raundi halafu nikasikia kama inakuwa laini laini mkononi, siyo ule ugumu wa kukaza. Nikaacha hapo hapo.

MzeeWaSpana:
Ulifanya vizuri kuacha. Huo ulaini ni uzi wa stadi au wa hedi unaanza kutoka. Usiiguse tena, na usiitoe leo wala kesho kama haivuji. Siku ukiitoa, ipake mafuta ya kupenyeza jioni, ilale nayo, asubuhi uirudie, halafu uizungushe mbele kidogo na nyuma kidogo, usiivute moja kwa moja. Ukikuta uzi wa kwenye hedi ndo umekufa njoo hapa kabla hujampa mtu atoboe.

KikiYaTatu:
Nimekuelewa mzee. Haivuji, mpira nimeupitisha tena leo.